Gari iliruka kwanza

Kitu cha kwanza niliona nikifika ni maji. Yalikuwa yanatoka chini ya geti ya ploti yakielekea barabarani, na ndani gari ya Shangazi ilikuwa imepanda ile stepu ya saruji, pua yote imeingia kwa tangi nyeusi ya lita 1,000, tangi imepasuka, na Shangazi mwenyewe ameketi kwa kiti cha plastiki cha soja, kiatu kimoja hakuna, anaangalia tu mguu wake wa kulia. Ilikuwa Jumatatu, saa moja asubuhi hivi, Donholm hapa Nairobi, ile baridi ya Julai. Watu wa ploti walikuwa washatoka na ndoo na mabeseni juu maji ndo hayo yanaisha, na kila aliyepita na ndoo alikuwa na neno moja na ni lile lile, pole mama, ulichanganya pedali.

Hakubishana na mtu. Nilipoinama kumuuliza kama ameumia akanishika mkono akasema, "Nilikanyaga breki mpaka goti likauma, na gari ikazidi kwenda. Uniamini ama usiniamini."

Shangazi ameendesha gari tangu 1998. Ni nesi mstaafu, ana miaka 61, ameendesha usiku akitoka zamu wakati barabara zingine hata taa hazikuwa, na sijawahi kusikia amegonga hata jiwe. Nilimwamini pale pale. Lakini kumwamini mtu na kujua ni nini kilitokea ni vitu viwili tofauti, na nimemaliza karibu miezi minne nikisoma hii mambo usiku nikitoka kazi na nikimsumbua fundi wangu wa Grogan mchana, kwa hivyo hii naiandikia yeyote ambaye amewahi kuambiwa "ulichanganya tu" akakosa la kujibu.

Nianze na pedali yenyewe maana wengi wetu bado tunafikiria ukikanyaga mafuta kuna kebo inavuta kitu kwa injini. Zamani ndio, ilikuwa kebo ya chuma, ikikwama unaiona kwa macho na ikikatika unainunua ingine. Lakini magari mengi ya mtumba ambayo yameingia hapa kwa hii miaka kumi na tano iliyopita hayana hiyo kebo. Fundi alifungua pedali ya gari ya Shangazi akaniwekea mkononi, ni plastiki tupu, nyepesi kama rimoti ya tivi, na kando iko na soketi ya waya sita. Hiyo ndo mafuta. Ukikanyaga hauvuti chochote, unatuma tu ujumbe. Ndani kuna sensa mbili, yaani vipimio, na kila moja ina waya wake wa kuleta umeme wa volti 5, waya wa kurudisha, na waya wa kupeleka habari kwa kompyuta. Akairudisha kwa soketi, akaweka mita: pedali ikiwa juu, sensa ya kwanza ilisoma 0.74 na ya pili 0.37, nusu kamili. Akaisukuma na kidole gumba pole pole, zote mbili zikapanda, na popote alipoachia kidole kikae, ya pili ilikuwa bado nusu ya ya kwanza. Kompyuta inazilinganisha bila kupumzika. Zikiachana inajua moja inadanganya, inaandika kodi, yaani namba ya hitilafu (P2138, mafundi wa umeme wanaijua vizuri), inapunguza nguvu ya injini mpaka gari inajikokota. Halafu ni kompyuta hiyo hiyo inaambia mota ndogo iliyo kwa throto, pale hewa inaingilia injini, ifungue mlango wa hewa kiasi gani, na huko kwa throto pia kuna sensa mbili zinachungana.

Nikaona basi hii kitu imetengenezwa na watu waliofikiria. Ili gari itoroke kwa sababu ya pedali, lazima sensa zote mbili zidanganye wakati mmoja na uongo wao ulingane. Ama, na hapa ndo usingizi uliniisha, kompyuta yenyewe iwe ndo imepotea njia.

Hiyo ya kompyuta kupotea watu wameipigania mahakamani huko Marekani, na si mara moja. Wengi wanaikumbuka ya Toyota lakini ilianza mbele ya hapo. Miaka ya themanini Audi 5000 ilisemwa kote Marekani ni gari inayoruka yenyewe mtu akitoa gia P (ile ya kuegesha), ikaonyeshwa kwa tivi 1986, mauzo yakaanguka vibaya, na 1989 shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, NHTSA, likatoa ripoti kwamba mara nyingi ni dereva alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Nilipofika hapo nilikasirika kidogo nikajisemea ni wale wale wa ndoo, ulichanganya pedali, tena wakiwa na digrii. Nikaiacha. Nitairudia, maana nilikuwa sijasoma vizuri.

Ya Toyota ni ndefu. Tarehe 28 Agosti 2009 karibu na San Diego, polisi wa barabara kuu ambaye hakuwa kazini alikuwa anaendesha Lexus ES 350 ya kuazimwa na gereji, familia ndani, gari ikakataa kupunguza mwendo ikapita kilomita 160 kwa saa, mmoja wao akapigia simu ya dharura 911 akisema hawana breki, na wote wanne wakafa. Uchunguzi ulionyesha kapeti ya raba iliyokuwa chini haikuwa ya gari hiyo, ilikuwa ya modeli ingine kubwa, na ilishika pedali ya mafuta ikiwa chini. Kapeti. Hao watu walikufa kwa sababu ya kapeti na nikisoma hiyo nilikumbuka kitu nimeona kwa gari ya Shangazi na nikanyamaza nacho siku mbili.

Toyota ikaita mamilioni ya magari yarudi, kwanza sababu ya kapeti halafu sababu ya pedali zinazokwama kurudi juu. Lakini watu wakauliza, na kompyuta je? Serikali ikapelekea NASA hilo swali, wale wale wa kurusha watu angani, na Februari 2011 baada ya miezi kumi wakasema hawakupata sababu ya kielektroniki ya kufungua throto mpaka mwisho. Waziri wa uchukuzi akatangaza mambo yameisha. Ripoti yenyewe lakini ilikuwa na adabu kuliko waziri, ilisema kutopata ushahidi si kusema haiwezekani. Na kuna kitu walipata ambacho bado kinanishangaza, kwa sensa za aina fulani za pedali waliona unywele wa bati, yaani madini ya bati yaliyopakwa juu ya chuma huota nyuzi nyembamba zenyewe, bila mtu kuzigusa, nyembamba kuliko nywele ya mtu, na uzi mmoja ukigusa mahali pasipofaa unaunganisha njia mbili za umeme ambazo hazikufaa kukutana.

Halafu ikaja kesi ya Oklahoma. Septemba 2007 mama wa miaka 76 alikuwa anatoka kwa barabara kuu na Camry ya 2005, gari ikamkatalia, akavuta handibreki mpaka tairi zikachora barabara, wakagonga, rafiki yake akafa na yeye akaumia vibaya. Mawakili wake wakaita wataalamu wa programu, mmoja akiwa Michael Barr, ambaye yeye na wenzake walikaa miezi mingi kwa chumba kinacholindwa, hakuna simu hakuna intaneti, wakisoma programu ya kompyuta ya throto mstari kwa mstari. Aliyoambia mahakama Oktoba 2013 nimeisoma mara tatu. Kompyuta ya gari inafanya kazi nyingi kwa pamoja, kila kazi ina zamu yake, na kazi moja kubwa (mahakamani waliiita Kazi X) ndo ilikuwa inahesabu throto ifunguke kiasi gani na ndo hiyo hiyo ilikuwa imebeba sehemu ya ulinzi. Hiyo kazi ikifa peke yake na zingine ziendelee, throto inaweza baki pale ilikuwa na hakuna wa kuipigia kelele. Ya kuiua inaweza kuwa kitu kidogo sana, alama moja kwa kumbukumbu ya kompyuta kugeuka kutoka sifuri kuwa moja. Na hapa soma pole pole: akasema kama mguu wako ulikuwa tayari kwa breki wakati kazi hiyo inakufa, ulinzi mwingine haungeamka mpaka uondoe mguu kwa breki kabisa. Ni nani anaondoa mguu kwa breki gari ikimtoroka?

Mtaalamu mwingine, Philip Koopman wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, akasema hiyo programu ilikuwa na vigeu (vijisanduku vya kuweka namba) zaidi ya 10,000 ambavyo sehemu yoyote ya programu ingeweza kuvigusa. Mimi nimeandika programu kidogo kwa kazi na nikiona namba kama hiyo naanza kujikuna kichwa, ni kama ploti ya watu 10,000 wote wana ufunguo wa nyumba yako. Jopo la wananchi likaamua dola milioni 3 zilipwe, na kabla ya ile awamu ya kuongeza adhabu Toyota ikakubaliana nao nje ya mahakama. Hakuna aliyeonyesha ile alama moja ikigeuka siku ile kwa gari ile, maana kitu kama hicho hakiachi alama, ukizima na kuwasha gari kinapotea. Toyota walikataa kwamba programu ndo ilikosa. Machi 2014 walikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2, lakini hiyo ilikuwa sababu ya kuficha ukweli kuhusu kapeti na pedali zinazokwama, kompyuta haikuwa ndani. Watu huwa wanachanganya hizo mbili na nimeona niitenganishe.

Nikimaliza kusoma hiyo kesi nilikuwa nimeamua. Ni kompyuta. Nikampigia fundi usiku saa nne nikamwambia ni kompyuta, akaniambia lete gari.

Gari haikuwa kwake, ilikuwa kwa gereji ingine (siitaji jina) ambako ilivutwa siku ile ya ajali, na ni hao hao waliokuwa wameifanyia sevisi Jumamosi iliyotangulia. Tulipoifikisha Grogan fundi akachomeka mashine ya kusoma kodi na hakukuwa na kitu. Tupu. Hata zile kodi ndogo ndogo ambazo gari yoyote iliyogonga inafaa kuwa nazo hazikuwa. Akaniangalia akauliza, "Bosi, nani amefuta?" Nikawapigia, kijana akanijibu vizuri tu bila ubaya, ati waliona taa ya injini inawaka wakaifuta ndo gari ikae poa. Kompyuta ikiandika kodi huwa inaweka pia picha ya hali ya gari dakika hiyo hiyo, mwendo, mzunguko wa injini, joto, na ukifuta kodi picha inaenda nayo. Kwa hivyo ushahidi ambao ungemtetea Shangazi, ama ungemkataa, uliondolewa na mtu aliyefikiria anatusaidia. Hiyo inaniuma mpaka leo. Tafadhali, gari yako ikifanya kitu kama hiki, usikubali mtu aguse chochote kabla kodi zisomwe na zipigwe picha na simu, hata kama anakuambia ni dakika mbili tu.

Fundi hakukata tamaa. Aliwasha injini akaiacha ipate joto, kama dakika kumi na tano, tukiwa tumesimama tu. Gari ikishapata moto na hujakanyaga kitu inafaa kuzunguka mara 700 hivi kwa dakika. Hii ilikuwa 1,700 na haishuki. Akauliza kwa sevisi walifanya nini, nikasoma risiti: oili, filta, plagi, kuosha throto. Akatingisha kichwa. Throto ikichafuka kompyuta inajifunza kuifungua zaidi kidogo ndo hewa itoshe, sasa ukiiosha ikawa safi na usiifundishe kompyuta upya, inaendelea kuifungua ile zaidi ya zamani, na hewa inakuwa nyingi. Kumfundisha upya ni dakika chache na mashine. Hawakufanya. Asubuhi ya baridi injini huwa inapanda hata zaidi ya hapo, kwa hivyo Shangazi aliwasha gari ikiwa inavuma juu, akatoa P, na gari ya otomatiki ikiwa kwa hiyo hali haitambai, inaruka.

Hapo ndo nikarudi kwa ile ripoti ya Audi ya 1989 niliyokuwa nimeitupa kwa hasira. Nilikuwa nimesoma jibu nikaacha katikati. Walisema pia kwamba kwa baadhi ya hayo magari kile kifaa cha kushikilia mzunguko wa injini kilikuwa kinaharibika, injini inapanda ghafla, gari inaruka kidogo, dereva anashtuka, na mguu unaoruka kwenda kwa breki unatua kando. Pedali zenyewe za hiyo gari zilikuwa zimekaa kwa namna ya kusaidia hilo kosa. Yaani miaka yote hiyo watu wanagombana ni mguu ama ni mashine, na karatasi imeandikwa inaweza kuwa moja ikiamsha ingine. Na ukishatua kwa mafuta ubongo haujui, ulituma mguu kwa breki na unaamini uko kwa breki, gari ikizidi kwenda unakanyaga zaidi, kwa moyo wote, mpaka goti linauma. Mtu anayesema alikanyaga breki hadanganyi, anakuambia alichoagiza mguu ufanye.

Si kila mtu anaponea hapo. Tokyo, Aprili 2019, mzee wa miaka 87 akiendesha Prius aligonga watu Ikebukuro akaua mama na mtoto wake wa miaka mitatu, akashikilia kesi yote kwamba gari iliharibika, mahakama ikaangalia rekodi za gari ikasema ni mafuta ulikuwa umekanyaga, akafungwa miaka mitano. Nafikiria sana huyo mzee. Sidhani alikuwa anadanganya. Na zaidi nafikiria baba ya huyo mtoto, aliyebaki.

Bado kulikuwa na kapeti. Shangazi alikuwa ameuziwa kapeti nene za raba kwa jam ya Jogoo Road, akaziweka juu ya zile za zamani, na zile ndoano za kushika chini zilikuwa zimefunikwa. Fundi akapiga magoti nje ya mlango, akaishika pedali ya mafuta na mkono akaisukuma mpaka chini kabisa, akaachia. Haikurudi. Ukingo wa raba ulikuwa umelalia kile kidevu cha chini cha pedali. Tukaiangalia wote wawili, injini ilikuwa imezimwa na gereji nzima kelele za nyundo lakini mimi sikusikia kitu, sekunde moja, mbili, tatu, halafu raba ikateleza pedali ikaruka juu. Akarudia mara tano. Mara mbili ilishika.

"Lakini kwanza lazima kitu kiifikishe chini," akasema, na hakumalizia juu ni mtu wa heshima.

Nilichukua wiki nzima kupanga vile nitamwambia Shangazi. Nilienda Jumapili, akanipikia chapati, nikamwambia yote kwa mpangilio: throto iliyooshwa, injini iliyokuwa inavuma juu, gari kuruka alipotoa P, mguu kushtuka, kapeti kushika. Nikamwambia pia siwezi kuapa kwamba kompyuta haikukosa kivingine, maana walifuta. Alikuwa ananiangalia vile nafikiri alikuwa anaangalia wagonjwa wanaoeleza maumivu. Akauliza kitu kimoja.

"Kwa hivyo gari iliruka kwanza."

"Ndio Shangazi. Iliruka kwanza."

Akakaa kimya, akanisukumia sahani. "Basi sikuota," akasema.

Tangi alikuwa ashalipa, na pesa yake, kabla hata sijaanza kusoma chochote.

Gari ilirekebishwa, kompyuta ikafundishwa upya, mzunguko ukashuka ukakaa 700. Kapeti za raba nilizitoa mwenyewe nikaacha moja tu iliyoshikwa na ndoano. Niliangalia pia namba ya chasisi kwa tovuti ya mtengenezaji, maana gari zetu za mtumba zikiitwa zirudi kwa kasoro barua haitufikii sisi wa Nairobi, na ya Shangazi haikuwa na kitu. Akasema hatagusa usukani tena. Alipanda matatu wiki tano.

Kilichombadilisha sijui, labda ni namba. Nilimwonyesha kwamba 2009 jarida moja la magari la Marekani lilijaribu Camry ikiwa kwa mwendo wa karibu kilomita 113 kwa saa, throto imefunguliwa yote kwa makusudi, wakakanyaga breki kwa nguvu, na gari ilisimama kwa futi 190 badala ya 174. Futi kumi na sita tu za ziada. Breki zinashinda injini ukizikanyaga mara moja na usiachie. Ukipampu ndo unajimaliza, maana throto ikiwa wazi ile vakyumu (nguvu ya kunyonya kutoka kwa injini) inayosaidia breki haitengenezwi tena, unatumia ile iliyobaki na mara ya pili ama ya tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Mguu mmoja kwa breki, gia kwa N (ile ambayo injini haisukumi gari), injini ipige kelele vile inataka, uende kando, ndo uzime. Kama gari ni ya kuwasha na kifungo unakishikilia kama sekunde tatu, kugusa mara moja haizimi gari ikiwa inatembea.

Jumapili iliyopita saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulienda kwa uwanja fulani mtupu huko nyuma ya Embakasi. Yeye kwa usukani, mimi kando, mkono wangu karibu na handibreki na nikijaribu asiuone. Akafika kama thelathini kwa saa nikasema sasa. Akatafuta gia akapita N akaishika tena, gari ikaachia, mguu wake wa kulia umeshuka kwa breki na safari hii alikuwa ameinama kidogo kuuangalia kwa macho. Tukasimama. Vumbi likatupita.

"Tena," akasema, na akarudisha gari kwa D.